Damu ya Mkono Haisemi Yote ya Mguu

Mamangu mkubwa alikuwa na bahasha ya kaki aliyoihifadhi kashani pamoja na hati ya nyumba na cheti chake cha ndoa. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja ya maabara. Kila tulipomuuliza juu ya mguu wake wa kushoto, ambao jioni ulikuwa ukifura hata ukanda wa ndara ukaacha mfuo kwenye nyama, aliifungua bahasha akatusomea: hesabu ya damu, kawaida, sukari, kawaida, figo, kawaida, ini, kawaida. "Damu yangu ni safi," akisema. "Huu ni uzee tu." Na madhali damu ilikuwa safi, sisi watoto hatukuwa na la kujibu.

Mwaka na miezi ilipita. Ngozi iliyo juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, ikageuka rangi ya kahawia iliyokolea, kama mahali palipopitiwa na pasi ya moto. Ikakakamaa, ikawasha usiku. Siku moja alijigonga kidogo penye ngazi akachubuka. Mchubuko ambao kwa mtoto ungalipona kwa siku tatu, kwake uligeuka kidonda kilichodumu miezi minane. Alipokubali hatimaye kupelekwa kwa daktari wa upasuaji, daktari hakuomba karatasi ya damu. Alimwomba asimame, apandishe nguo, auonyeshe mguu. Kisha akauliza kwa upole, "Bibi, huu mguu ameuona nani kabla yangu?" Hakuna aliyekuwa ameuona. Mkono wake ulikuwa umetolewa ukachomwa sindano mara tatu. Mguu haukupata kutazamwa hata mara moja.

Nimeyaandika haya kwa sababu bahasha kama ile imo katika nyumba nyingi za mitaa yetu. Maabara haikukosea, ilijibu sawasawa yale iliyoulizwa. Ila maradhi sugu ya mishipa ya miguu hayaulizwi kwenye damu ya mkono, na mwenye kulifahamu hilo atajua vipimo vya damu vina faida gani, na mpaka wake ni wapi.

Jinsi damu inavyopanda kutoka mguuni

Moyo huisukuma damu hadi vidoleni mwa miguu kupitia ateri. Kuirudisha juu ni kazi ya mishipa mingine, iitwayo vena, na vena hazina nguvu ya moyo nyuma yake. Msaidizi wake mkubwa ni shavu la mguu. Kila tunapopiga hatua, misuli ya shavu huzikamua vena, damu ikapanda; na ndani ya vena mna vilango vidogo, yaani vali, ambavyo hufunguka kuelekea juu na kujifunga ili damu isirudi chini.

Mtu mzima akisimama tuli, shinikizo la damu katika vena ya kifundo hufikia kadiri ya milimita 80 hadi 90 za zebaki. Akitembea, na vali zake zikiwa nzima, hushuka hadi baina ya 20 na 30. Vali zikiharibika, damu huporomoka kila inapopandishwa, na shinikizo lile hubaki juu mchana kutwa, ameketi au anatembea. Hapo ndipo mishipa hututumka, miguu huwa mizito na kuuma, na ngozi huanza kuteseka. Sababu ni nyingi: kurithi, uja uzito wa mara kwa mara, umri, uzito wa mwili, kazi ya kusimama au kuketi siku nzima, na bonge la damu lililowahi kuziba mshipa siku zilizopita.

Madaktari hutumia mpangilio wa kimataifa uliotungwa mwaka 1994, wenye ngazi kuanzia sifuri hadi sita. Ngazi ya kwanza ni vijishipa vyembamba mfano wa nyuzi. Ya pili ni mishipa iliyotutumka. Ya tatu ni kufura. Ya nne ni ngozi kubadilika. Ya tano ni kovu la kidonda kilichopona. Na ya sita ni kidonda kilicho wazi. Ngazi zote hizi husomwa kwa macho, mgonjwa akiwa amesimama. Hakuna hata moja inayosomwa kwenye chupa ya damu. Mama mkubwa, na karatasi yake safi, alikuwa amekwisha kufika ngazi ya sita.

Kwa nini damu ya mkono hunyamaza

Mwaka 1988, watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi ambao hadi leo unasaidia kulieleza jambo hili. Waliwaketisha wagonjwa wa vena, miguu ikining'inia, wakatoa damu kwenye mshipa wa mguuni badala ya mkononi. Waliona kwamba kadiri mguu ulivyoning'inia, ndivyo seli nyeupe zilivyopungua katika damu iliyokuwa ikirudi juu, na kwa wagonjwa zilipungua zaidi kuliko kwa watu wazima wa afya. Seli zile zilikuwa zimekwama mguuni.

Tangu wakati huo imefahamika zaidi yanayotokea pale. Shinikizo la kudumu huziudhi kuta za vena, seli nyeupe zikazinata na kutoa kemikali na vimeng'enya vinavyokata nyuzi zinazoishika ngozi. Seli nyekundu huvujia nje ya mishipa midogo, zikafa, zikaacha madini yake ya chuma ndani ya ngozi. Na huo ndio ule ukahawia wa juu ya kifundo. Watafiti wamevipima viashiria hivi katika damu ya wagonjwa: protini za kunata za kuta za mishipa, vimeng'enya vya kukata nyuzi, na ishara za mwasho wa ndani. Mara nyingi hupatikana kwa wingi zaidi katika damu iliyochotwa kwenye mguu mgonjwa kuliko katika damu ya mkono wa mtu yuyo huyo.

Ni mfano wa mtu atakaye kujua kisima kimoja kina chumvi kiasi gani, akaenda kuchota kwenye tangi ambamo maji ya visima vyote vya mtaa yamechanganywa. Atapata maji, wala hatadanganywa, lakini habari ya kisima kile hataipata. Kwa sababu hiyo, viashiria hivi vimebaki kuwa vyombo vya utafiti. Hakuna kipimo cha damu cha kila siku ambacho daktari atakiangalia aseme: huyu ana ugonjwa sugu wa vena, na yule hana. Atakayekuuzia kipimo kwa ahadi hiyo, muulize kwanza kitabadili nini katika tiba yako.

Kipimo chenyewe ni altrasaundi ya mishipa ya miguu, iitwayo pia Dopla. Haina sindano wala miale yenye madhara. Mpimaji hupaka mafuta mazito ya baridi juu ya ngozi, akatembeza kifaa kuanzia pajani hadi chini, akaziona vali zikijifunga au zikishindwa. Vali hupimwa mgonjwa akiwa amesimama, kwa kuwa akilala huenda zikaonekana hazina kasoro.

Basi damu hupimwa kwa nini?

Pamoja na hayo, daktari mwenye kujua kazi yake atakuomba damu, na usikatae. Hatafuti vena katika damu hiyo. Anatafuta kinachofanana na ugonjwa wa vena, na kinachozuia kidonda kupona.

Miguu yote miwili ikifura kwa pamoja, huenda asili yake ni moyo, figo au ini. Ndipo hupimwa kreatinini ya figo, na albumini, ambayo ni protini inayoyashika maji ndani ya mishipa. Ikipungua mno, maji huvujia miguuni. Mkojo nao hupimwa ili kuona kama protini inapotelea huko.

Hapa Pwani, kuanzia Kwale na Kilifi hadi Mto Tana na Lamu, kufura mguu kuna jina la zamani: matende. Matende ni ugonjwa wa njia za majimaji ya mwili, uletwao na minyoo inayoenezwa na mbu; si ugonjwa wa vena. Watoto wa minyoo hao hujitokeza kwenye damu usiku, na ndiyo sababu zamani wapimaji walipita majumbani watu wakiwa wamelala. Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha tone la damu ya kidole, kinachofanyika hata mchana. Mwenye mguu uliofura bila ya sababu kujulikana ana haki ya kuuliza kuhusu kipimo hicho.

Penye kidonda kisichopona, hemoglobini huangaliwa, kwani nyama haifungi vizuri bila ya damu ya kutosha. Kwa mwanamke asiye mja mzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Kwa mja mzito ni chini ya 11. Sukari hupimwa pia: ya kufunga ikifika milimoli 7 kwa lita, au ile ya wastani wa miezi mitatu ikifika asilimia 6.5, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha, hicho ni kisukari. Kijana mwenye kidonda kisichopona karibu na kifundo apimwe selimundu, ugonjwa uliomo katika koo nyingi za Pwani, kwani nao huleta vidonda mahali pale pale. Mwenye selimundu amkumbushe daktari kwamba kipimo cha sukari cha miezi mitatu huweza kupotosha kwake.

Kipimo kiitwacho CRP ni protini ya ini inayopanda upesi mwili unapopambana na maambukizi. Kidonda kikianza kuuma ghafla, kikatoa usaha, wekundu au joto likatambaa kandokando, na CRP ikapanda pamoja na seli nyeupe, daktari atajua kuwa vijidudu vimeingia. Lakini CRP haisemi vita viko wapi: jino bovu laweza kuipandisha vilevile. Na kidonda chenye unyevu kisicho na dalili hizo hakihitaji kumezewa dawa za vijidudu kila wiki, kama wengi wetu tufanyavyo kwa kununua dukani.

Mguu mmoja katika arubaini

Sasa nafika penye jambo ambalo ningependa kila bibi, mama na mkwe alishike, hata akisahau mengine yote.

Kiko kipimo kiitwacho D-dimeri. Bonge la damu linapoanza kuyeyushwa na mwili, vipande hivi hubaki katika damu na kuweza kuhesabiwa. Kikomo cha kawaida katika maabara nyingi ni nanogramu 500 kwa mililita. Kwa waliopita miaka 50, madaktari wengi huchukua umri na kuuzidisha kwa 10, hivi kwamba bibi wa miaka 70 kikomo chake ni 700. Nguvu ya kipimo hiki ni kukanusha: kwa mtu ambaye daktari amemchunguza na kuiona hatari yake ni ndogo, D-dimeri ikiwa chini, bonge linaweza kuondolewa katika mawazo. Ikiwa juu, haithibitishi kitu. Umri, homa, upasuaji, jeraha na saratani, vyote huipandisha. Na mishipa iliyotutumka ikiwa imeshika joto huipandisha pia. Wapo waliopata karatasi yenye D-dimeri ya juu wakakesha wakilia, na ikaja kuonekana hawana bonge lolote.

Uja uzito nao huipandisha mwezi baada ya mwezi, na hubaki juu kwa wiki kadhaa baada ya kujifungua. Kwa hiyo kwa mzazi aliye katika arubaini, D-dimeri ya juu haisemi chochote. Na wakati huohuo, wiki sita za kwanza baada ya uzazi ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda katika mishipa ya mwanamke. Wiki sita ni siku 42. Siku ambazo sisi humfungia mzazi chumbani ili apumzike, ndizo siku ambazo mguu wake unahitaji kuangaliwa zaidi.

Mila ya arubaini ina heshima yake na faida zake, nami sikuja kuivunja. Ninaomba iongezewe mambo mawili. Kwanza, mzazi asilale tu. Anyanyuke, atembee chumbani na uani kadiri ya nguvu zake, na anywe maji ya kutosha. Aliyezaa kwa upasuaji ana haja zaidi. Pili, mguu mmoja ukifura kuliko mwenziwe, aghalabu wa kushoto, ukauma kwenye shavu au paja, ukawa na joto, usikandwe. Mkandaji aambiwe auache. Usisubiri wiki iishe wala usianzie maabara kununua kipimo. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo apigwe altrasaundi. Na akianza kukosa pumzi, kuumwa kifua au kukohoa damu, hiyo ni dharura ya saa ile, kwani huenda kipande cha bonge kimepanda mapafuni.

Aliyewahi kupata bonge, vali zake huenda zikabaki zimeharibika, na mguu wake ukawa mgonjwa kwa miaka. Kwake yeye ndipo vipimo vya damu huwa rafiki wa kudumu. Akitumia dawa ya warfarini, hupimwa INR, ambayo mara nyingi hutakiwa iwe baina ya 2 na 3. Ikishuka damu huganda, ikipanda damu huvuja. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki haviharamishwi kwake, ila ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na dawa za miti shamba asizitie bila ya kumwambia daktari. Vipimo vya kurithi vya kuganda damu vipo pia, lakini baadhi yake, kama vile protini S, hushuka kwa sababu ya uja uzito wenyewe. Vikipimwa wakati usio wake humtia mtu ugonjwa asio nao.

Jambo hili liwafikie pia dada zetu wanaomeza vidonge vya homoni ili kuahirisha hedhi kwa ajili ya Hija au Umra. Mwenye historia ya bonge la damu, yeye au mamaye, azungumze na daktari kabla ya kumeza, na ndani ya ndege asikae kitako safari nzima.

Haya, udhu na saumu

Kwa nini mama mkubwa alitoa mkono mara tatu asitoe mguu hata mara moja? Jawabu twalijua sote. Mkono ni mwepesi kutolewa, mguu umesitiriwa. Alikiona kile kifundo kila alipotawadha, mara tano kwa siku, na bado hakuona njia ya kumwonyesha mtu. Haya ni pambo, na dini yetu imeipa nafasi yake. Lakini wanavyuoni wameruhusu kilichositiriwa kifunuliwe mbele ya tabibu panapo dharura, kwa kadiri ya haja. Tuna haki ya kuomba mpimaji mwanamke na pazia, na kufuatana na mtu wetu wa karibu. Tukiyaomba hayo mapema, mara nyingi hupatikana. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wengi huuliza kuhusu kutolewa damu wakati wa saumu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Pwani tunayafuata, kutoka kwa damu hakubatilishi saumu; kinachotazamwa ni mtu asidhoofike.

Tiba kubwa ya mguu wa namna hii ni kuubana kwa bendeji au soksi maalumu, zinazovaliwa asubuhi kabla mguu haujafura. Kabla ya hapo, ni lazima ihakikishwe kuwa ateri za mguu ni nzima, hasa kwa mwenye kisukari, kwa kupapasa mapigo ya unyayo au kulinganisha shinikizo la kifundo na la mkono. Kuubana mguu usiopata damu ya kutosha kwaweza kuuangamiza. Soksi hizo ni ngumu kuvua na kuvaa kwa kila udhu. Mama mkubwa alijizoeza kuudumisha udhu wake kadiri alivyoweza. Na alipolazimika kuvua, alilala dakika kumi miguu ikiwa juu ya mto kabla ya kuvaa tena. Hukumu ya kupangusa juu ya bendeji ya kidonda alimuuliza sheikh wa mtaa, akapata jawabu lenye wepesi. Nanyi ulizeni kwa masheikh wenu, msiache tiba wala swala.

Kidonda chake kilifunga katika mwezi wa nne wa kubanwa. Alama ya ukahawia imebaki, na soksi atazivaa maisha yake yote inshallah. Bahasha ya kaki bado imo kashani, nayo si ya kutupwa: ilituonyesha kwamba figo, ini na sukari yake havina neno, na hilo ni jambo la kumshukuru Mola. Ila siku hizi binti yeyote wa ukoo akija kulalamika kuwa miguu yake ni mizito, mama mkubwa hamuulizi karatasi. Hufunga mlango, huketi naye kitandani, akamwambia, "Haya mwanangu, nionyeshe mguu."

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, na atujaalie kuzitunza amana za miili aliyotupa.